Vichaka vya Upande wa Jua

Wajukuu zangu wakiniuliza nilifanya kazi gani miaka yote ile pale Doornfontein, Johannesburg, nawajibu kwamba nilikuwa nachemsha majani. Wanatazamana, halafu mkubwa wao ananiuliza kwa Kiingereza chake, gogo, ndivyo huku wanavyomwita bibi, kwani ulikuwa sangoma, mganga wa kienyeji? Hapana. Nilikuwa fundi wa maabara kwenye chuo, na majani niliyoyachemsha yalikuwa ya mimea ya porini. Unayatia kwenye chupa kubwa yenye maji, unawasha moto, mvuke unapanda na kupita kwenye bomba lililopozwa, na mwishoni unapata mafuta kidogo yanayoelea juu ya maji. Kazi hiyo kwa Kiswahili inaitwa kukeneka. Najua neno hilo hamjalisikia, maana hata nikiwaambia mnipe chujio mnaniletea sufuria.

Nawaandikia ninyi hasa, vijana mnaokielewa Kiswahili cha wazazi wenu na kuona haya kukisema. Baadhi yenu mmeniambia mnataka kusoma sayansi. Mimi sayansi sikuisoma, niliishi nayo tu, kwa hiyo sitawafundisha kanuni. Nitawaambia niliyoyaona.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Niliolewa na kijana wa Soweto aliyekuwa uhamishoni kwetu, na wenzake waliporudi nyumbani nami nikaja naye. Kazi nilianza kwa kuosha chupa. Aliyenitoa kwenye sinki ni fundi mkuu, Bwana Daniels, mtu wa Eldorado Park, mrefu, mpole, asiyependa kelele wala manukato. Siku ya kwanza alinipa jani nilifikiche, akaniuliza nasikia harufu gani. Nikasema harufu ya jani. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia nirudi kesho nimletee jibu lenye akili zaidi.

Alinifunza mambo madogo ambayo hamtayakuta kwenye vitabu vyenu, au mtayakuta kwa maandishi madogo chini ya ukurasa. Majani mabichi usiyatie kwenye mfuko wa plastiki, yanatoka jasho na kuoza kabla hujafika mjini. Tia kwenye mfuko wa karatasi. Anika kivulini, kwa sababu jua linaondoka na nusu ya kile unachokitafuta. Ukianza kukata asubuhi, basi siku zote kata asubuhi, kwa kuwa mmea wa asubuhi na mmea wa mchana hainuki sawa. Jani changa usilichanganye na jani zee. Mambo hayo niliyakariri kama mtoto wa madrasa anavyokariri aya, na yamenifaa hata jikoni.

Na udi. Kisa cha udi lazima niwape. Tulikuwa tunanasa harufu ya kichaka kikiwa hai: unakifunika na mfuko safi, unavuta hewa iliyomo, unaipeleka kwenye mashine ya kuchambua. Mashine ile huchora mstari wenye vilele, sisi tulikuwa tunaviita milima, na kila mlima ni kitu kimoja kilichomo kwenye harufu. Siku hiyo ikatoka milima ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwenye mmea ule. Bwana Daniels akaita watu. Walimu wakaja, wakainama juu ya karatasi, mmoja akaanza kusema huenda tumegundua kitu kipya duniani. Mimi nimesimama pale pembeni na baibui langu nililolifukiza asubuhi, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa na nilitaka kupitia msikiti wa Mayfair kuswali. Bwana Daniels akageuka taratibu, akaninusa begani, akasema, "Zubeda, ugunduzi wetu umevaa nguo nyeusi." Tangu siku hiyo nikawa na nguo za kazi zinazolala kazini.

Sasa mmea wenyewe. Mwaka baada ya mwaka, mmea tuliouchemsha kuliko yote ulikuwa kichaka kimoja kinachoota kwenye vilima vya mji huu na mbali zaidi, kina majani yanayokwaruza kidogo na maua meupe madogo. Wazulu wanakiita umsuzwane. Mara ya kwanza nilipolitaja jina hilo nyumbani mume wangu aliangua kicheko, akasema nitamke vizuri, limekaribiana mno na neno la kujamba. Watu wengi wa hapa wanakunywa majani yake kama chai wakipata mafua.

Kichaka hicho kina kichekesho chake. Chukua jani hapa, linanuka limau. Nenda ng'ambo ya bonde, chukua jani la kichaka kilekile, umbo lilelile, ua lilelile, linanuka kafuri, ile kali inayopanda puani. Si kwamba kimoja kimekosea. Swali ambalo liliwalisha walimu wetu miaka yote ni kwa nini.

Majibu ni mawili, na watu hugombana kwa kushika moja tu. Jibu la kwanza ni kwamba mahali panaubadilisha mmea wenyewe ukiwa hai. Jua likiuchoma, kiu ikiubana, wadudu wakiutafuna, unatengeneza kemikali za kujilinda, na harufu inageuka. Jibu la pili ni kwamba mahali pamechagua. Kwa vizazi na vizazi, palipo na baridi kali wamebaki wale wanaoiweza baridi, palipo na ukame wamebaki wa ukame, na watoto wao wanazaliwa na harufu hiyo damuni, hata ukiwapeleka kwingine. Hilo la pili ndilo mnaloliita jenetiki. Ukitaka kujua lipi ni lipi, unakata vipandikizi kutoka kila mahali, unavipanda bustani moja, udongo mmoja, maji mamoja, unasubiri. Kinachobaki na harufu yake, kimezaliwa nayo. Kinachobadilika, ilikuwa ya mahali. Mimi katika ubishi huo nilikuwa upande wa mahali, tena kwa kelele. Mtu aliyehama kama mimi anapenda kuamini kwamba ukibadilisha udongo unabadilika.

Miaka yangu ya mwisho kazini ndipo alipokuja Furaha. Alizaliwa Bukavu, akaletwa hapa akiwa mdogo sana, baba yake analinda maduka kule Kensington. Alikuwa anasomea shahada ya pili. Msichana mkimya, msafi wa kazi, ambaye akinisalimia alikuwa anapiga magoti kidogo katikati ya maabara na kuwafanya wenzake washangae. Utafiti wake ulikuwa juu ya kilima kimoja cha mawe upande wa mashariki wa mji, si mbali na kwao. Alitaka kulinganisha vichaka vya mteremko wenye jua na vya mteremko wenye kivuli.

Mwaka wa kwanza matokeo yalikuwa safi mno. Wa jua, kafuri. Wa kivuli, limau. Mimi ndiye niliyemkenekea mafuta hayo na harufu ilijaa chumba, hata mlangoni ungejua leo tunachemsha mfuko gani. Profesa wake, mzee wa Kixhosa mwenye sauti ndogo na macho makali, alifurahi. Akamwambia arudie mwaka wa pili, mwezi uleule, saa ileile. Ndivyo kazi hiyo inavyotaka.

Mwezi uleule ulipofika, kibali cha Furaha cha kukaa nchini kikawa kinaisha. Akapewa siku ya kwenda kupanga foleni kwenye ofisi ya serikali, na foleni ile ninyi mnaijua, ukiikosa umekosa. Akamwomba dereva wetu, Baba Amani, akamkatie. Baba Amani ni mtu wa Uvira, alikuwa ameendesha gari la maabara miaka mingi na alijua kukata kuliko wanafunzi wengi. Furaha akamtumia ujumbe wa sauti kwenye simu, nami nilikuwapo: amkatie mifuko ya upande ya jua, na mifuko ya upande ya kivuli, asubuhi, majani makubwa tu. Baba Amani akajibu, "Sawa, mutoto yangu. Usiogope."

Nikakeneka. Mifuko ya kivuli ikatoka limau kama mwaka jana. Mifuko ya jua ikatoka vurugu. Mmoja kafuri, unaofuata limau, mwingine vyote viwili kwa pamoja. Mashine ikachora milima yake na milima ikasema kile pua yangu ilichokwisha kusema.

Profesa hakufoka. Afadhali angefoka. Alimwita Furaha, akaweka karatasi za mwaka wa kwanza na za mwaka wa pili mezani, akamwambia kwamba mwaka mmoja kati ya hiyo miwili si wa kweli, na yeye hawezi kutia sahihi mpaka ajue ni upi. Kisha akamuuliza, kwa sauti ileile ndogo, kama mwaka wa kwanza aliwahi kuyanusa majani kabla ya kuandika mfuko upi umetoka wapi. Mnaelewa alichokuwa anauliza. Alikuwa anauliza kama amebuni.

Furaha alikuja kwenye meza yangu. Nilimtengenezea chai. Shahada ikianguka na kibali kinaanguka nayo, na baba yake alikuwa ameshawaambia watu wa kanisani kwao kwamba binti yake anakaribia kumaliza. Lakini si hilo lililokuwa linamuuma zaidi. "Mama Zubeda," akaniambia, "eish, naanza kuwaza labda kweli nilichanganya. Natafuta kichwani ile siku sioni kitu."

Nilihuzunika sana kusikia hivyo. Ukiona mtu mwaminifu anaanza kujishuku, jua uonevu umeshaingia ndani.

Baba Amani naye alisikia. Akaacha kula chakula cha mchana na sisi. Akasema yeye ndiye amemharibia mtoto wa watu masomo, ingawa hakujua amekosea wapi. Nikawaambia wote wawili, twendeni kilimani, atuonyeshe alipokata. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, kwa sababu kila mmoja alidhani tayari anapajua.

Tulikwenda asubuhi ya baridi, mwezi wa sita. Mnazijua asubuhi hizo za mji huu, jua jeupe lisilo na joto. Tuliegesha gari karibu na robot, zile taa za barabarani, tukapanda kwa miguu. Furaha akakata kushoto kuelekea upande wa kaskazini. Baba Amani akaendelea moja kwa moja upande wa mashariki, akasimama kati ya vichaka, akaonyesha visiki. "Ni hapa. Angalia, kisu yangu ile." Na kweli, Furaha hukata kwa mkasi wa bustani, mkato wake umenyooka. Ile mikato ilikuwa imelala mshazari, ya kisu.

Furaha akamtazama. "Lakini Baba Amani, nilisema upande ya jua."

"Ndiyo. Jua si inatokea huku? Kwetu Uvira tunasema vile. Upande ya jua ni ku ziwa, kule inatokea asubuhi. Sasa wewe unataka jua ya wapi?"

Furaha akageuka kutazama kaskazini. Amekulia hapa. Kwa mtu wa Johannesburg upande wa jua ni kaskazini, hata matangazo ya nyumba yanajisifu kwamba sebule inatazama kaskazini, kwa sababu huku kusini mwa dunia jua la kipupwe linapita upande huo wa mbingu na halivuki. Mimi nilicheka, kwa kuwa kipupwe changu cha kwanza nilianika nguo kusini mwa nyumba kwa muda mrefu nikidhani sabuni ya huku ni mbovu, haikaushi. Morogoro jua lilikuwa utosini. Halikuwa na upande, na aliyetaka kulielekeza alielekeza lilikotoka. Watu watatu, Kiswahili kimoja, na kila mmoja na jua lake.

Tukazunguka kilima chote. Kusini, ambako Baba Amani alikata mifuko ya kivuli palepale pa Furaha, jalidi, ule umande ulioganda, ilikuwa bado nyeupe kwenye nyasi, ukikanyaga inalia. Kaskazini mawe yalikuwa makavu, ukiyagusa yana uvuguvugu. Mashariki palikuwa katikati: jua la asubuhi linapafikia, la mchana linapaacha. Furaha alikuwa anafikicha majani machache yaliyobaki na kuyanusa, kafuri, limau, kafuri, limau, vichaka vimesimama bega kwa bega. Akasema polepole kwamba huenda miaka yote miwili ni ya kweli. Kwamba Baba Amani amekata mahali pa tatu, ambapo wa jua na wa kivuli wanakutana na kuzaliana.

Baba Amani aliuliza kama hiyo ni vizuri au ni vibaya. Furaha akamwambia hajui bado.

Profesa alisikiliza yote, akatazama picha za visiki. Alikubali kwamba mwaka wa pili umeelezeka. Mwaka wa kwanza, akasema, bado unasimama kwa neno la Furaha peke yake kuhusu mifuko ilikotoka, na neno peke yake halitoshi. Nilimchukia kidogo siku hiyo, siwafichi. Baadaye nimekuja kuona kwamba alikuwa anamtafutia msingi ambao hakuna mtu angeweza kuubomoa. Akasema vichaka vikichipua Furaha apande bustani, vipandikizi vya pande zote tatu, na akaandika kwa ofisi za chuo ili aongezewe muda. Vilipochipua, Furaha na Baba Amani walikwenda kukata pamoja, wakatembea na dira mkononi, na kila walipofika Furaha alikuwa anauliza "hii ni upande gani?" na Baba Amani anajibu "kaskazini, mutoto yangu, nimeshajifunza."

Tukapanda nyuma ya maabara. Profesa mwenyewe ndiye aliyepanga kipi kikae wapi, akachora ramani yake, akaitia mfukoni. Kwenye mimea pakabaki namba tu. Kazi yangu ilikuwa kumwagilia na kufukuza paka. Zilikuja mvua, ikaja mvua ya mawe mara moja ikatutoboa majani, tukaokoa tulichoweza. Furaha alikuwa anapita kila siku akiwa amefumbata mikono nyuma, hagusi jani hata moja. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hataki kujua mapema, mtu asije akasema alijifundisha majibu.

Siku ya kuvuna alimwomba Profesa aje. Akavua kitambaa cha kichwani, akajifunga macho, akamwambia amshike mkono ampeleke kwenye mmea wowote anaoutaka, kwa mpangilio wowote. Baba Amani na mimi tukasimama mlangoni. Profesa hakutegemea jambo hilo, niliona anavyosita, lakini akamshika mkono.

Alifikicha jani la kwanza. Akasema kaskazini. Profesa akatazama ramani, akamwongoza mbele. Kusini. Kusini tena, lakini akaongeza kwamba huyu limau yake imepata ukali ambao kule kilimani haikuwa nao, jua la bustani limemgusa. Hapo nilijua kwamba ubishi wangu wa miaka nimeshinda nusu na kushindwa nusu: amebaki wa kwao, na mahali papya pamemtia mkono pia. Kaskazini. Mashariki, mwenye vyote viwili. Waliendelea hivyo mstari hadi mstari, uso wa Profesa ukilegea kidogo kidogo, na Baba Amani kando yangu midomo inamcheza kwa maombi.

Wakafika kwenye kichaka kimoja pembeni ya ukuta. Furaha akafikicha, akanusa. Akachuma jani lingine. Wakati huo angeweza kusema mashariki na ingeonekana jibu zuri. Akashusha mkono.

"Huyu simjui," akasema.

"Jaribu," Profesa akamwambia.

"Nimejaribu, Profesa. Nikisema kitu nitakuwa nakisia. Sijui."

Profesa alisimama pale na ramani yake wazi mkononi. Kisha akaikunja bila kuitazama, akaitia mfukoni, akamfungua Furaha kitambaa kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, asimvute nywele. Akamwambia kwamba mafuta yaende kwenye mashine kama kawaida, na milima ya mashine itaandikwa. "Lakini mimi nimeshapata nilichokuja kutafuta," akasema. "Mtu anayebuni majibu asingeniachia hilo moja bila jibu."

Furaha akalia hapo ndipo, si kabla. Baba Amani akaenda akamshika bega, akamwambia tayari, mutoto yangu, imekwisha, na alipogeuka naye alikuwa analia. Profesa akajifanya anakagua ukuta. Kisha akaomba kalamu na kipande cha kibao cha kufunga kwenye kichaka kile, akaniuliza kwa Kiswahili tunaandikaje jibu lile la Furaha. Nikamtamkia herufi moja moja, naye akaandika kwa mkono wake: sijui.